Mazungumzo ya Dini Mbalimbali: Si Mdahalo, Si Kuchanganya Imani

Picha ya sheikh na askofu wameketi meza moja ikizunguka kwenye simu, maoni huja ya aina tatu. Wa kwanza wanasema dini zinachanganywa, na kwamba kiongozi wao ameuza imani. Wa pili wanauliza nani alishinda. Wa tatu wanasema hapo pana chai, posho na picha, basi. Watu hawa hawazungumzii kitu kimoja, ingawa wameona picha ile ile. Wa kwanza wanaogopa ibada ya pamoja, wa pili wana picha ya mhadhara kichwani, na wa tatu wamechoshwa na makongamano ya hotelini ambayo huisha kwa tamko na kubaki hivyo. Ndiyo maana kabla ya kusema kama mazungumzo ya dini yanafaa au hayafai, inabidi tukubaliane tunazungumzia shughuli ipi.

Zipo shughuli nne ambazo hutajwa kana kwamba ni moja.

Mahubiri au daawa ni kumweleza mtu imani yako ukitumaini aipokee. Ni haki ya kila muumini, na katiba inailinda: ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 na ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya ya 2010.

Mdahalo wa dini, au mhadhara kama unavyojulikana mitaani, ni kushindanisha hoja mbele ya umati. Tangu miaka ya 1980 Tanzania na pwani ya Kenya zimezoea viwanja ambako wahadhiri wa Kiislamu hufungua Biblia na wahubiri wa Kikristo hujibu kwa Kurani, na wasikilizaji hushangilia upande wao. Mdahalo una mshindi, na umati ndio refa. Mzungumzaji hawezi kusema "hapo umenigusa, ngoja nikafikiri" bila kuonekana amewaangusha watu wake. Kwa hiyo hasikilizi. Anatafuta mwanya tu.

Mazungumzo, yale ambayo makala haya yanayahusu, ni kukaa na mtu wa imani nyingine ili ujue kwa usahihi anaamini nini, anaogopa nini na nini kimemuuma, kisha mtazame pamoja lipi mnaweza kulifanya na lipi mtaliacha kila mmoja na lake. Hayana umati wala mshindi.

Usuluhishi ni wa baada ya madhara. Pameshachomwa kitu, mtu ameshapigwa. Hapo panahitajika mtu wa tatu anayeaminiwa na pande zote, pana makubaliano ya fidia au ya kurudi nyumbani, na mara nyingi pana polisi na mahakama. Anayeitisha mazungumzo mahali panapohitaji usuluhishi huwaudhi walioumizwa, kwa sababu huwaomba wamwelewe mtu aliyewachomea nyumba kabla hata majivu hayajapoa.

Neno lingine la kuliweka sawa ni "jambo la pamoja". Wengi hudhani maana yake ni imani ya pamoja, na hapo ndipo hofu huingia. Fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na mita moja ya LUKU. Wapangaji hawali chungu kimoja, hawalali saa moja, na kila mmoja amefunga mlango wake. Lakini lazima wakubaliane nani ananunua umeme lini, mwenye friji anaongeza kiasi gani, na taa ya uani inazimwa na nani. Makubaliano hayo hayamfanyi yeyote ahamie chumba cha mwenzake, na yasipokuwepo wote hulala gizani, hata aliyelipa. Jambo la pamoja kati ya dini ni la namna hiyo: maji, usalama wa njia ya usiku, mazishi, shule, nyama buchani, sauti ya vipaza sauti, vijana wasio na kazi. Utatu Mtakatifu na utume wa Muhammad hubaki kila mmoja na chumba chake.

Kanisa Katoliki, katika nyaraka zake za 1984 na 1991 kuhusu uhusiano na dini nyingine, liligawa mazungumzo katika ngazi nne, na mgawanyo huo unamfaa hata asiye Mkatoliki. Ya kwanza ni mazungumzo ya maisha: kusalimiana, kuzikana, kualikana harusini. Ya pili ni ya matendo, yaani kufanya kazi moja kwa faida ya wote. Ya tatu ni ya hoja, ambamo wenye elimu hueleza mafundisho yao na kuulizana. Ya nne ni ya uzoefu wa kiroho, watu wanaposimuliana wanavyoomba na wanavyofunga.

Kosa linaloharibu mikutano mingi ni kurukia ngazi ya tatu kabla ya kukanyaga ya kwanza na ya pili. Watu ambao hawajawahi kuchimba kaburi pamoja huitwa ukumbini kujadili kama Yesu ni Mwana wa Mungu. Matokeo yanajulikana kabla ya dua ya kufungua.

Ngazi ya kwanza huonekana ndogo, lakini tazama kilichotokea Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya. Novemba 2014 wanamgambo wa Al-Shabaab walisimamisha basi, wakawatenga wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Desemba 2015 walisimamisha basi jingine wakataka kufanya vile vile. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao, na baadhi ya wanawake wakawapa abiria Wakristo mavazi ya kujifunika. Salah Farah, mwalimu Mwislamu, alipigwa risasi hapo akafariki Januari 2016. Hakuna kongamano lililowaandikia abiria wale la kusema. Walikuwa na mazoea ya kusafiri, kufundishana na kufanya biashara pamoja, nayo yakasimama imara pale ambapo tamko lisingefika.

Ngazi ya pili ina mfano wake Gulu, kaskazini mwa Uganda, wakati wa vita vya waasi wa LRA. Viongozi wa dini wa eneo la Acholi, Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Katoliki, Askofu Macleord Baker Ochola wa Anglikana, viongozi wa Waislamu na wa Waorthodoksi, walijiunga katika chombo kimoja mwishoni mwa miaka ya 1990. Ochola alikuwa amempoteza mkewe kwa bomu la kutegwa ardhini mwaka 1997. Hawakuanza na mafundisho. Walishikilia jambo moja: watoto waliotekwa na kugeuzwa wapiganaji wapewe njia ya kurudi nyumbani. Walikuwa miongoni mwa waliopigania sheria ya msamaha iliyopitishwa mwaka 2000. Juni 2003, maelfu ya watoto walipokuwa wakitembea kila jioni kuingia mjini kukwepa kutekwa, viongozi hao walikwenda kulala nao kwenye kituo cha mabasi cha Gulu, usiku nne mfululizo. Kazi ya namna hiyo hujenga akiba ya kuaminiana. Mkifika kwenye jambo gumu, mnatoa kwenye akiba hiyo.

Sasa tuje kwenye hofu kubwa, kwamba anayezungumza na wa dini nyingine imani yake hulegea. Kaduna, Nigeria, wapo Imamu Muhammad Ashafa na Mchungaji James Wuye. Mwaka 1992 kila mmoja alikuwa kwenye kundi la vijana wenye silaha upande wake. Wuye alipoteza mkono wake wa kulia kwenye mapigano, na Ashafa aliuliwa mwalimu wake na binamu zake wawili. Walikutanishwa 1995, wakaanzisha kituo cha upatanishi wakifanya kazi pamoja hadi leo. Wote wawili wamesema wazi kwamba kila mmoja bado angefurahi mwenzake akiingia dini yake. Hakuna aliyelegea. Kilichokwisha ni ule uamuzi kwamba kwa kuwa mwenzangu hajaamini ninachoamini, damu yake ni halali.

Tena wale wanaodhani usikivu ni wa kuazima kutoka kwa wasio na dini wanasahau vitabu vyao wenyewe. Kurani, sura ya 49 aya ya 13, inasema mataifa na makabila yaliwekwa ili watu wajuane. Sura ya 16 aya ya 125 inaagiza kujadiliana kwa namna iliyo bora. Mithali 18:13 inasema "Yeye ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake," na Yakobo 1:19 anamtaka kila mtu awe mwepesi wa kusikia, si mwepesi wa kusema. Muumini anayekaa kimya kumsikiliza mwenzake yumo ndani ya ibada yake.

Hofu ya pili ni kwamba migogoro inayoitwa ya dini yote ni ya imani, kwa hiyo haitatuliki. Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe, na panahitaji kwenda polepole. Mgogoro karibu kila mara ni fungu la vitu vitatu vilivyofungwa kamba moja: mambo ya ukweli, ambayo yanaweza kuchunguzwa, mambo ya masilahi na heshima, ambayo yanaweza kupangwa, na mambo ya imani, ambayo hayapigiwi kura. Kuyafungua na kuyaweka mafungu matatu ni nusu ya kazi.

Chukua mahakama za Kadhi nchini Kenya kabla ya kura ya maoni ya Agosti 4, 2010. Makanisa mengi yalipinga rasimu ya katiba, na mahakama hizo zilikuwa moja ya sababu kuu, pamoja na kifungu kuhusu utoaji mimba. Mitaani ilisemwa kwamba Mkristo atahukumiwa kwa sharia. Hilo ni jambo la ukweli, na jibu lake limeandikwa: ibara ya 170 inaipa mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu, tena pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kupeleka shauri lao huko. Mahakama hizo hazikuzaliwa 2010. Zilikuwepo kwenye ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na zikaingizwa kwenye katiba ya uhuru mwaka 1963 kwa makubaliano. Ukimaliza fungu hilo, linabaki fungu la masilahi: kwa nini kodi ya wote iendeshe mahakama ya baadhi? Hilo ni swali halali, na linajadiliwa kwa hesabu na kwa historia bila kumwita anayeuliza adui wa Uislamu. Mwisho linabaki fungu la imani: kwa Mwislamu, mirathi imepangwa ndani ya Kurani na si desturi tu, na kwa baadhi ya Wakristo, dola kutambua sheria ya dini moja ni kosa la msingi. Hapo watu hawatakubaliana. Lakini tazama lililobaki lilivyo dogo ukilinganisha na kelele iliyokuwepo. Katiba ilipita kwa takriban asilimia 67 ya kura, mahakama zikaendelea, na hofu ya Mkristo kuburutwa mbele ya Kadhi haikutimia.

Mfano wa pili ni wa nyama, na ulimwaga damu. Tanzania ina desturi ya muda mrefu kwamba mnyama wa kuuzwa buchani huchinjwa na Mwislamu ili nyama iliwe na wote. Kanda ya Ziwa baadhi ya Wakristo waliipinga, wakataka nao wachinje na kuuza. Februari 2013 ghasia zilizuka Buseresere, mkoani Geita, na mchungaji mmoja akauawa. Fungua fungu. Imani: Mwislamu hawezi kula kilichochinjwa bila jina la Mungu, na hilo hajalibuni ili kumdharau mtu. Kwa upande wa pili, wapo Wakristo wanaoona kwamba nyama iliyosomewa dua ya dini nyingine inawashirikisha ibada isiyo yao, na wapo Wakristo wenzao wanaowajibu kwa 1 Wakorintho 10:25, ambapo Paulo anasema kuleni kila kiuzwacho sokoni bila kuuliza-uliza. Masilahi: kuchinja ni ajira, na bucha ni biashara. Heshima, ambayo husahaulika kabisa: mtu anayeambiwa miaka nenda rudi kwamba mkono wake haufai kuchinja husikia kwamba yeye ni mchafu. Ukishayatenga hayo, unaona mambo kadhaa yanayoweza kupangwa kesho asubuhi: bucha kuwa na bango linalosema wazi nani amechinja, sherehe za umma kubaki na utaratibu mmoja unaowaruhusu wote kula, anayechinjia watu wa nyumbani kwake asibughudhiwe. Na neno moja la heshima kutoka kwa sheikh kwamba masharti ya chakula chetu hayana maana kwamba ninyi ni najisi lina uzito kuliko kurasa kumi za mwongozo.

Jinsi ya kuandaa kikao chenyewe, basi. Kila upande ukutane kwanza peke yake, wiki mbili au tatu kabla, uandike mambo matatu: nini kinatuuma, tunadhani wao wanasema nini juu yetu, na nini hatutakiachia. Orodha ya pili ndiyo yenye faida kubwa, maana zikija kusomwa mezani watu hugundua wamekuwa wakijibu mashtaka ambayo hakuna aliyeyatoa.

Watu wawe 12 hadi 16, nusu kwa nusu. Wakizidi 20, wanaosema wanakuwa watano na wengine wanageuka umati, na umati hugeuza mazungumzo kuwa mdahalo. Angalau theluthi wawe wanawake, na wawepo vijana wa kweli wa mtaani: dereva wa bodaboda, mwalimu wa madrasa, kiongozi wa kwaya. Viongozi wakubwa peke yao hawatoshi, kwa sababu siku fujo inapoanza si askofu anayeitwa kijiweni.

Kikao cha kwanza kisifanyike msikitini wala kanisani. Darasa la shule au ukumbi wa kata unatosha. Baadaye mnaweza kupokezana kuwa wenyeji, na hapo mgeni aelezwe mapema: viatu, mavazi, wapi pa kukaa. Epuka Ijumaa saa sita hadi saa nane mchana, Jumamosi kama wapo Wasabato, na Jumapili asubuhi. Kama kikao kinavuka alasiri, weka dakika 20 za sala kwenye ratiba, usisubiri mtu aombe ruhusa kwa aibu. Ramadhani mkutane asubuhi, bila kuweka chai mbele ya waliofunga. Chakula kipikwe jiko lisilo na nguruwe wala pombe, mnyama achinjwe na Mwislamu, na maharage yawe ya kutosha kwa Wahindu na wengine wasiokula nyama. Mambo haya yanaonekana madogo hadi siku yanapokosewa. Mtu aliyekaa na njaa kwa sababu sufuria ni moja na ana shaka nayo hatasikia hoja yoyote.

Dua ya kufungua ndiyo mtego wa kwanza. Usitunge dua ya mchanganyiko isiyo ya mtu yeyote, na usimwombe mmoja aombe kwa niaba ya wote, maana Mkristo atamalizia kwa jina la Yesu na Mwislamu hataweza kuitikia amina, au kinyume chake. Kila upande uombe kwa njia yake, kwa zamu, wengine wakikaa kimya kwa heshima bila kuitikia. Hapo hakuna aliyechanganya chochote.

Wawezeshaji wawe wawili, mmoja kutoka kila upande, na kila mmoja awe na jukumu la kuwakatiza watu wa upande wake. Mkristo anayemkatiza Mkristo anaonekana mwadilifu. Akimkatiza Mwislamu, hata kwa haki, anaonekana ana upendeleo. Simu zizimwe, hakuna kurekodi. Sentensi moja iliyokatwa kwenye video ya sekunde 20 imetosha kufunga milango ya miaka.

Mwendo wa kikao ni huu. Jambo moja tu kwa siku. Mzungumzaji ana dakika tatu. Akimaliza, mtu wa upande wa pili anarudia alichosikia kwa maneno yake mwenyewe, kisha anauliza, "Ndivyo ulivyosema?" Akiambiwa hapana, anarudia tena. Haruhusiwi kujibu hoja mpaka aambiwe ndiyo. Mara ya kwanza zoezi hili linachosha, watu wanahisi wanapotezewa muda. Lakini mzozo wa nusu saa mara nyingi hufa hapo hapo, kwa sababu anayerudia hugundua kwamba alikuwa akipinga jambo jingine kabisa. Maswali yawe ya kutaka kujua. "Nini kilitokea hadi ukaona hivyo?" hufungua mdomo. "Huoni kwamba dini yako ndiyo yenye vurugu?" ni tusi lililovalishwa alama ya kuuliza.

Kanuni moja zaidi, na ningesema ndiyo inayovunjwa kuliko zote: usilinganishe mafundisho bora ya dini yako na watu wabaya wa dini ya mwenzako. Ukitaja aya nzuri ya kwako, sikiliza aya nzuri ya kwake. Ukitaja magaidi wa kwake, uwe tayari kwa Vita vya Msalaba na mauaji ya makanisani Rwanda mwaka 1994.

Mkitaka kusoma vitabu pamoja, upo utaratibu ulioanzishwa miaka ya 1990 na wanazuoni wa Kiyahudi na Kikristo Marekani na Uingereza, na Waislamu wakajiunga. Kila upande unaleta kifungu kifupi cha kitabu chake, aya sita hadi kumi, unakisoma na kukieleza wenyewe, na wageni wanauliza. Hairuhusiwi kuleta kitabu cha mwenzako ili umpige nacho. Huu ni mhadhara uliogeuzwa nje ndani: mwenye kitabu ndiye msemaji wake.

Nusu saa ya mwisho ichorwe safu tatu ubaoni: tuliyokubaliana, tunayotofautiana na tutaishi nayo, na ambayo hayajaiva. Kila la kufanywa liwe na jina la mtu na tarehe. Taarifa ya nje iwe aya moja iliyokubaliwa na wote, isomwe na watu wawili.

Vitu vinavyoharibu kazi hii vinajulikana. Posho ni kimojawapo. Ikiwa kubwa kuliko nauli na chakula, watu watakuja kwa ajili yake na hawatataka mgogoro uishe. Kingine ni kuhubiri amani bila kugusa kidonda. Waislamu wa Tanzania wanapotaja nafasi za elimu tangu ukoloni au makubaliano ya 1992 kati ya serikali na makanisa kuhusu huduma za jamii, jibu la "tudumishe amani" ni njia ya kuwaambia wanyamaze. Vile vile Mkristo anayeuliza juu ya makanisa yaliyochomwa Mbagala, Dar es Salaam, Oktoba 2012 anastahili kusikilizwa hadi mwisho. Na ubishi wa "sisi ndio wengi" uwekwe kando mapema: sensa ya Tanzania haijauliza dini tangu 1967, kwa hiyo hakuna mezani atakayekuwa na namba ya kumaliza hoja.

Matamko nayo yana mpaka wake. Agosti 2002 viongozi wa dini Kaduna walitia saini azimio la amani. Novemba mwaka huo huo ghasia zilizuka tena na zaidi ya watu 200 wakafa. Azimio halikuwa uongo, ila lilikuwa limeishia kwa walioweka saini.

Linganisha na Wajir, Kenya, miaka ya 1990. Wote pale walikuwa Waislamu, koo ndizo zilizopigana, na wanawake wakiongozwa na watu kama Dekha Ibrahim Abdi walianzia sokoni. Walikubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote atauza na kununua popote, wakachagua kamati ya kukaa sokoni kupokea malalamiko na kuyamaliza siku ile ile. Kisha wakawaendea wazee, na mzee wa ukoo mdogo, usio na kisasi na yeyote, akawa kiungo. Azimio la Al Fatah la 1993 lilikuja baada ya hapo, likiwa na watu sokoni, malishoni na ofisini wa kulitekeleza. Mwaka 1995 kamati yao iliingizwa kwenye mfumo wa maendeleo wa wilaya, ikapata njia ya kuitisha wazee, polisi na vijana kwa haraka. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki 2011.

Kutoka Wajir tunachukua jambo la haraka, kwa sababu uvumi hausubiri kikao cha mwezi ujao. Kila mtaa uwe na watu wawili kila upande wenye namba za simu za wenzao, waliokwisha kunywa chai pamoja kabla ya siku mbaya. Ukija ujumbe kwamba kitabu kimetupwa chooni au mtoto amebatizwa kwa nguvu, hatua ya kwanza ni kumpigia yule wa upande wa pili aliye karibu na tukio: umeona kwa macho? Nani, wapi, saa ngapi? Hatua ya pili ni wawili hao kwenda pamoja mahali penyewe. Hatua ya tatu ni kurudisha habari kwenye kundi lile lile la WhatsApp ilikotoka, kwa sauti za wote wawili, ndani ya saa moja au mbili. Baada ya hapo vijana wameshakusanyika. Mwislamu ana Kurani 49:6, inayoamuru kuchunguza habari kabla ya kuwadhuru watu bila kujua, na Mkristo ana amri ya kutomshuhudia jirani uongo. Kusambaza kabla ya kuuliza ni dhambi kwa wote wawili, na hilo linafaa kusemwa mimbarini na madhabahuni kwa uwazi ule ule zinavyosemwa zinaa na ulevi.

Na kama tukio ni la kweli, lina mahali pake. Tanzania, kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinamshughulikia anayetamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mtu mwingine. Uchomaji na kujeruhi ni makosa ya kawaida ya jinai, na aliyetenda anashtakiwa kama mtu mmoja mwenye jina lake, bila dini yake kushtakiwa naye. Kazi ya kamati hapo ni kumsindikiza aliyeumizwa polisi, watu wa imani zote mbili wakiwa wamefuatana naye, na kuhakikisha shahidi wa upande wa mtuhumiwa haogopi kusema alichokiona. Aliyeumizwa asilazimishwe kukaa na aliyemuumiza ili picha ipatikane. Akitaka mwenyewe, baada ya miezi au miaka, wawezeshaji wawaandae kila mmoja peke yake kwanza, na mlango ubaki wazi ili aweze kuondoka wakati wowote.